Mpanda Baiskeli Akiuawa Njiani, Nani Ajibu?

Wasomaji wetu wa Same, Mwanga na milima yote ya Upare, leo twaleta mbele yenu somo lisilopendeza masikioni, lakini lenye faida kwa kila nyumba iliyo na baiskeli. Somo lenyewe ni hili: mpanda baiskeli akigongwa na motokaa akafa, ni nani apaswaye kujibu, ajibu mbele ya nani, na jamaa na majirani wa marehemu wana kazi gani katika jambo hilo.

Hakuna asiyejua faida ya baiskeli katika tambarare yetu. Hedaru, Makanya, Same, Lembeni na Mwanga, baiskeli hubeba madumu ya maji, magunia ya mahindi, maziwa, kuni, na watoto waendao shule. Lakini mara nyingi hupita katika barabara ile ile kubwa itokayo Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha. Barabara hiyo hupitwa mchana na usiku na mabasi ya abiria, malori ya shehena, na yale yachukuayo jasi ya Makanya. Njia ni moja, waitumiao ni wengi, wala nguvu zao si sawa. Baiskeli, mpandaji na mzigo wake havifiki kilo 200. Lori lililojaa huweza kupita tani 40.

Tarehe 28 Juni 2025, mahali paitwapo Sabasaba, Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana yakashika moto, na watu wasiopungua 38 wakafariki. Msiba ule ulisikika hata nchi za mbali, na kila mtu aliuliza sababu yake. Ilikuwa haki kuuliza. Lakini mpanda baiskeli akiuawa peke yake kando ya njia, mara nyingi habari yake haivuki kijiji. Huzikwa, matanga huisha, baiskeli iliyopinda huegemezwa nyuma ya nyumba, na hakuna aulizaye tena. Je, uhai wa mtu mmoja una uzito mdogo kwa kuwa amekufa peke yake? Kwa mama yake marehemu sivyo, wala kwa sheria sivyo.

NENO "AJALI"

Kwanza yafaa tulitazame neno tulitumialo. Neno ajali lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani mwisho wa uhai wa mtu uliopangwa na Mwenyezi Mungu. Ndiyo sababu wazee husema, "Ajali haina kinga." Nasi hatubishani na imani ya mtu yeyote. Siku ya kufa aijua Mungu.

Lakini aliyechagua mwendo wa motokaa siku ile si Mungu, ni dereva. Aliyeacha breki zikachakaa si Mungu, ni mwenye gari. Aliyemlazimisha dereva kuendesha usiku kucha bila kulala si Mungu, ni tajiri wake. Methali ile husemwa ili kuwafariji waliofiwa. Haikutungwa iwe wakili wa aliyekosa. Mtu akisema "ni ajali" kabla hajauliza lolote, amekwisha kutoa hukumu bila kusikia shauri.

Iko methali nyingine isemayo, "Mwenye nguvu mpishe." Kwa kuokoa roho yako njiani, ni shauri jema: uonapo lori laja kwa kishindo, shuka kando. Lakini methali hiyo si sheria ya nchi. Sheria haisemi kwamba mwenye gari kubwa ndiye mwenye barabara. Kinyume chake, kadiri chombo kilivyo kizito na chepesi wa kuua, ndivyo mwendeshaji wake adaiwavyo uangalifu zaidi.

Jambo hili limekuwapo tangu motokaa zilipoanza. Mwaka 1896, huko London, mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea kwa miguu aligongwa na motokaa akafa. Lilifanyika baraza la kuchunguza kifo chake, likaamua kuwa ni bahati mbaya, na msimamizi wa baraza akasema anatumaini jambo kama lile halitatokea tena. Mwaka ule ule, mjini New York, motokaa ilimgonga mwanamke mpanda baiskeli akavunjika mguu, na dereva aliwekwa mahabusu usiku ule mpaka hali ya majeruhi ijulikane. Basi tangu mwanzo njia zimekuwa mbili: kusema "bahati mbaya" na kwenda zetu, au kumshika kwanza na kuuliza. Matumaini ya yule msimamizi wa London hayakutimia. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika barabara za ulimwengu, na wengi wao walikuwa waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki.

HESABU YA MWENDO

Wengi hudhani kwamba tofauti ya kilometa 50 na kilometa 80 kwa saa ni ndogo. Hebu tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa hupita meta 14 kila sekunde. Kwa kilometa 80 hupita meta 22, na kwa kilometa 100 hupita meta 28. Dereva aonapo hatari, yampita kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari laendelea kwa mwendo ule ule. Kisha breki huanza kazi. Kwa motokaa ndogo yenye breki nzuri, katika lami kavu, urefu wote wa kusimama ni kama meta 28 kwa mwendo wa 50, meta 57 kwa mwendo wa 80, na meta 83 kwa mwendo wa 100. Lori lililojaa huhitaji zaidi ya hapo.

Sasa tuseme mpanda baiskeli ayumba kwa sababu ya shimo, na motokaa iko nyuma yake meta 40. Dereva wa kilometa 50 atasimama zikibaki meta 12, nao wataamkiana. Dereva wa kilometa 80 atamfikia mpanda baiskeli akiwa bado na mwendo wa kilometa 56 hivi. Dereva wa kilometa 100 atamfikia kwa mwendo wa karibu kilometa 90, yaani breki zake hazikumfaa kitu. Mahali ni pale pale, shimo ni lile lile, na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni mwendo tu, nao ulichaguliwa na mtu mwenye akili zake. Basi mtu asituambie kwamba mwendo hauna hatia.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, Sura ya 168. Tutataja mambo matatu tu.

La kwanza ni mwendo. Penye makazi ya watu, gari lolote lisizidi kilometa 50 kwa saa. Nje ya makazi, mabasi ya abiria na magari mazito yasizidi kilometa 80. Hedaru ni makazi. Makanya ni makazi. Mji wa Same ni makazi. Wakaao hapo hawapaswi kuomba mwendo wa 50 kama sadaka, maana ni haki yao.

La pili, dereva akimgonga mtu hana budi kusimama, kumsaidia aliyeumia, na kutoa taarifa polisi. Akikimbia, hilo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

La tatu, kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari ni kosa la jinai. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 195, yasema kwamba asababishaye kifo cha mtu kwa tendo lisilo halali ana kosa la kuua bila kukusudia. Mashtaka gani yaletwe, hiyo ni kazi ya waendesha mashtaka wa Serikali wakitazama ushahidi. Wako wengi, miongoni mwao Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, walioomba sheria ile ya 1973 irekebishwe ili ilingane na hali ya barabara za leo. Lakini hata sheria nzuri mno haisemi neno mahakamani kama hakuna mtu aliyeleta ushahidi.

Tena yafaa tufahamu kwamba kifo kimoja huzaa mashauri mawili. Shauri la kwanza ni la jinai, nalo ni la Jamhuri dhidi ya dereva. Shauri la pili ni la madai, nalo ni la jamaa waliomtegemea marehemu, kama mke, mume, wazazi na watoto, wakidai fidia kwa dereva na kwa mwenye gari. Mwenye gari hawezi kujificha nyuma ya dereva wake, maana aliyemwajiri mtu huwajibika kwa kosa alilolitenda kazini. Tena kila motokaa yalazimika kuwa na bima ya kulipia madhara ya watu wengine. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili ya askari wa njiani kuikagua tu. Iliwekwa kwa ajili ya mjane na yatima. Na dereva akitiwa hatiani katika shauri la jinai, hukumu hiyo huwasaidia sana jamaa katika shauri la madai. Kwa hiyo asemaye, "Tuache kesi, tushughulikie fidia," huenda anakata tawi alilolikalia.

KAZI YA WALIO KARIBU

Ushahidi wa barabarani ni kama umande: jua likipanda, haupo. Alama za magurudumu hufutwa na magari mengine, vioo hufagiwa, na mashahidi hupanda basi wakaenda zao. Kwa hiyo walio karibu wafanye haya.

1. Waokoe roho kwanza. Waweke matawi mbali, pande zote mbili, ili magari mengine yapunguze mwendo. Kisha wapige simu 112 na kumpeleka majeruhi hospitali.

2. Wasifute alama. Mchirizi wa matairi katika lami waweza kupimwa, na fundi akajua gari lilikuwa likienda mwendo gani. Wazungushie mawe mahali hapo, wapige picha kwa simu kabla baiskeli haijaondolewa, na picha zionyeshe gari, baiskeli, ukingo wa barabara na bango lolote la mwendo lililo karibu.

3. Waandike namba ya gari, rangi yake, saa, na upande lilikokuwa likielekea, hasa kama limekimbia. Waandike pia majina na simu za walioona kwa macho yao, si waliosikia.

4. Wasimpige dereva. Hili twalikaza. Madereva wengi husema hukimbia kwa kuogopa kuuawa na watu wenye hasira. Kijiji kinachopiga chawapa sababu ya kukimbia hata wale ambao wangesimama. Tena dereva aliyeuawa hawezi kutiwa hatiani, wala hawezi kusema nani alimwamuru aendeshe gari lisilo na breki. Mkamateni, mlindeni, mkabidhini kwa askari.

Nao jamaa, wakiisha kuzika, wasikae kimya. Wamtume mtu mmoja wa ukoo, mwenye subira, aende kituoni apate namba ya jalada na jina la askari mpelelezi. Aulize kama ramani ya mahali imechorwa, kama gari limekaguliwa na fundi, kama dereva alipimwa ulevi. Ikiwa gari ni basi la safari ndefu, aulize habari za kifaa cha kufuatilia mwendo, maana mabasi hayo hufuatiliwa kwa mtambo unaosimamiwa na LATRA, na mtambo hauogopi mtu wala haupokei bahasha. Asiye na uwezo wa kuweka wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wamewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Aulize katika ofisi ya wilaya.

RAMBIRAMBI NA HAKI

Sasa tufike penye kidonda. Mara nyingi, kabla kaburi halijakauka, mtu wa mwenye gari hufika msibani. Huleta jeneza, mchele, sukari na bahasha. Huzungumza kwa upole, naye pengine ana huzuni ya kweli. Kisha hutoa karatasi akaomba jamaa watie sahihi kwamba "yamekwisha."

Kupokea rambirambi si dhambi. Kumzika mtu uliyemwua ni utu, na kukubali msaada siku ya msiba ni desturi yetu. Lakini rambirambi ni rambirambi, haki ni haki, na karatasi ni kitu cha tatu. Mjane aliyelia siku tatu hajui asomacho. Asitie sahihi siku hiyo. Aseme kwa heshima, "Asante kwa mchele, karatasi iacheni, ndugu zangu wataisoma." Mwenye nia njema hatakasirika kungoja juma moja.

Tena wajue kwamba kesi ya jinai si mali ya familia. Ni ya Jamhuri, wala jamaa hawana mamlaka ya kuiuza. Wanachoweza kufanya, kwa bahati mbaya, ni kuiua kwa kutokwenda kutoa ushahidi. Shahidi akiitwa mara tatu asifike, hakimu afanye nini? Dereva huachiwa, hurudi barabarani, na kesho hupita tena Makanya kwa mwendo ule ule. Basi aliyekaa nyumbani kwa ajili ya bahasha hakuuza kifo cha ndugu yake peke yake. Ameuza pia usalama wa mtoto wa jirani.

Pengine msomaji atasema, "Sisi watu wadogo tutabadili nini?" Na atazame Uholanzi, nchi isifiwayo leo kwa baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara zake, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Mwandishi wa gazeti aitwaye Vic Langenhoff alifiwa na binti yake mdogo aliyegongwa akienda shule kwa baiskeli, na dereva akatozwa faini ya gulden 150 tu. Baba yule hakusema "ni ajali." Mwaka 1972 aliandika akitaka mauaji ya watoto yakome, na wazazi wengi wakasimama pamoja wakiuliza. Serikali ilisikia, njia za baiskeli zikajengwa, na sheria ya huko sasa humtaka mwenye motokaa aliyemgonga mpanda baiskeli amlipe, isipokuwa athibitishe kwamba jambo lilimshinda kabisa. Nasi hapa si wageni wa kuuliza. Mwaka 1945 wazee wa Upare walishuka milimani kwa maelfu wakaja Same kuuliza habari ya kodi ya mbiru, wala hawakuchoka mpaka ikaondolewa.

HAKI KWA PANDE ZOTE

Hatusemi kila dereva ni mkosaji. Wako waungwana wengi wapitao barabara hii miaka mingi bila kumwumiza mtu. Na wako wapanda baiskeli waendao usiku bila taa wala kiakisi mwanga, wenye mizigo mipana inayoziba njia, waliolewa, au wanaokata barabara bila kugeuza shingo. Huyo ajiweka hatarini, na hakimu atalitazama hilo pia. Kila mpanda baiskeli na apite upande wa kushoto, afunge taa mbele na kiakisi chekundu nyuma, na avae nguo nyeupe jioni.

Lakini kuulizwa si kuhukumiwa. Dereva asiye na kosa hupata faida katika uchunguzi mzuri kuliko mtu yeyote, maana vipimo vitamsafisha mbele ya watu. Uchunguzi humtisha yule tu ajuaye alichokitenda. Twataka jambo moja: mtu akifa juu ya baiskeli yake, pawe na kipimo, pawe na shahidi, na pawe na jibu mbele ya hakimu, kama vile ambavyo pangekuwapo kama aliyekufa angekuwa mtu mkubwa katika motokaa yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA BARAZANI

1. Katika kijiji chetu, ni mahali gani magari hupita kwa kasi kuliko kilometa 50 kwa saa, na nani amekwisha kuwaandikia wakuu wa barabara na polisi habari hiyo?

2. Mpanda baiskeli wa mwisho aliyeuawa karibu nasi, shauri lake liliishia wapi? Mashahidi walikwenda mahakamani?

3. Ni nani kijijini atakayewekwa kuwa mwenye kulinda alama na kuandika majina ya mashahidi, jambo kama hilo likitokea?

4. Ukiletewa karatasi msibani, utamjibu nini aliyeileta?